Vasco da Gama Hakuvumbua Kitu

Kitabu cha historia nilichosomea shuleni kilimwita Vasco da Gama, baharia Mreno, mvumbuzi. Nililikariri neno hilo, nikaliandika kwenye mtihani, nikapewa maksi. Leo nalikataa.

Alivumbua nini? Alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpa rubani, akavushwa hadi Calicut, India, kwa siku 23 hivi. Mabaharia wa mwambao wetu, Waarabu na Wahindi walikuwa wakiifuata kusi na kaskazi karne nyingi kabla babu yake hajazaliwa. Mtu aliyeonyeshwa njia na wenyeji ni mgeni, si mvumbuzi. Na mgeni gani! Siku chache kabla ya hapo, alipokuwa Mombasa, alitaka kuwahoji watu wawili aliokuwa nao melini. Akaagiza wadondoshewe mafuta yanayochemka kwenye ngozi mpaka waseme. Hayo hayakuzushwa na adui zake. Yameandikwa katika shajara ya msafara wake mwenyewe.

Wala ukatili huo haukuzaliwa Mombasa. Mwaka 1415 Wareno waliuvamia Ceuta, mji wa Waislamu kaskazini mwa Moroko, ulioishi kwa biashara ya misafara iliyoleta dhahabu kutoka ng'ambo ya Sahara. Waliuteka kwa siku moja na kuupora. Misafara ikaukwepa mji, dhahabu ikapita kwingine. Basi wakaamua kuifuata kwa bahari huko huko inakochimbwa. Chanzo cha safari zao ndicho hicho, na kiu ya elimu haimo.

Mtazame Henrique, mwanamfalme wa Ureno anayesifiwa kuwa baba wa ubaharia. Tarehe 8 Agosti 1444, katika mji wa Lagos huko Ureno, mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi walishushwa na kugawanywa uwanjani mafungu mafungu. Mwana huku, baba kule. Akina mama waliwakumbatia watoto na kujitupa chini nao ili wasinyang'anywe. Henrique alikuwepo, juu ya farasi, akipokea fungu lake, moja ya tano ya mateka: watu 46.

Kisha dhuluma ikatafutiwa karatasi. Mwaka 1452 Papa Nicholas wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwavamia Waislamu na wapagani, kutwaa mali zao na kuwatia utumwani daima. Mwaka 1494 Ureno na Hispania wakachora mstari baharini kwa Mkataba wa Tordesillas, wakagawana dunia ambayo sehemu yake kubwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Kwa hiyo Mreno Francisco de Almeida alipoingia Kilwa na zana zake za vita mwezi wa Julai 1505, hakuwa amepotea njia. Kilwa iliporwa nyumba hadi nyumba. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa: milango ikavunjwa kwa mashoka, mji ukachomwa moto.

Enyi mnaotunga vitabu vya shule, liondoeni neno "mvumbuzi". Andikeni "mvamizi", mtoto aelewe tangu ukurasa wa kwanza. Lugha yetu haijasahau: neno la Kireno la kanisa, igreja, kwetu limekuwa gereza.