Ziwa Albert ni moja, ndege wake wahesabiwe pande zote mbili

Kila mwezi wa Januari, katika nchi zaidi ya mia moja, watu wa kujitolea huamka alfajiri, wakabeba daftari na darubini, wakaenda kando ya maziwa na mito kuhesabu ndege wa majini. Kazi hiyo ilianza mwaka 1967. Januari ilichaguliwa kwa sababu huko Ulaya ni wakati wa baridi kali: ndege wametulia mahali pamoja, na wengi wamekwisha kuvuka Sahara kuja kwetu, ambako ni kiangazi.

Jirani zetu wa Uganda wanahesabu, chini ya uongozi wa shirika la NatureUganda. Huku Bunia, Januari hupita na wengi wetu hatujui hata kama kazi hiyo ipo. Hata hivyo Ziwa Albert ni moja. Mwari au mnandi aliyelala Uganda anaweza kuvua asubuhi mbele ya Tchomia au Kasenyi bila kuuliza mpaka uko wapi. Hesabu ya upande mmoja ni nusu ya hesabu.

Kuna watakaosema: Ituri inazika watu, kambi za wakimbizi wa ndani zimejaa, na ninyi mnatuletea habari za ndege? Swali hilo ni la haki. Hakuna ndege atakayechukua nafasi ya amani. Lakini maelfu ya familia zinaishi kwa samaki wa ziwa hilo, na ndege wanaokula samaki huonyesha mapema kama maji yana shida.

Tena kuna petroli. Ng'ambo ya ziwa, Januari 2023, Uganda ilianza kuchimba visima vya Kingfisher, mradi wenye jina la ndege, mdiria. Kinshasa nayo ilitangaza mnada wa vitalu vya petroli mwaka 2022, vikiwemo vya bonde la Albertine, kisha ikaufuta mwaka 2024. Siku maji yakichafuka, wavuvi wetu wataulizwa: zamani hali ilikuwaje? Asiye na hesabu ya jana hana ushahidi kesho.

Hatusemi vijana wapelekwe mahali penye risasi. Ianzwe kwenye bandari ambako watu wanafanya kazi kila siku, mchana, kwa ruhusa ya viongozi wa mahali. Wanafunzi wa biolojia wa ISP na wa Chuo Kikuu cha Bunia washike daftari. Wavuvi, wanaowajua ndege kwa majina ya lugha zetu, wawe walimu wao. ICCN isaidie kupeleka matokeo yanakohitajika. Asubuhi moja kwa mwaka, mahali palepale, inatosha kuanza.

Ujuzi huo si mgeni hapa. Mwaka 1913, huko Avakubi katika msitu wa Ituri, mtaalamu Mmarekani James Chapin aliona unyoya asioujua kwenye kofia ya mwenyeji. Ilimchukua hadi mwaka 1936 kutambua kwamba ni wa tausi wa Kongo, ndege ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika. Mwenye kofia alikuwa akimjua siku zote. Kilichokosekana ni daftari.

Kongo iliingia mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 1996. Ituri isingoje wageni waje kutuhesabia. Januari ijayo, tuanze wenyewe.