Nani Mgeni Mageta?

Wiki iliyopita pale mwaloni Mwigobero nilimsikia mchuuzi mmoja akimfokea kijana aliyekuwa akishusha magunia ya dagaa: "Rudi kwenu, mtu wa kuja we!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na ndiyo maana naandika.

Kosa la kijana yule ni lafudhi yake ya Kijaluo. Mzaliwa wa Shirati, Mara hiihii! Tulipokaa kunywa chai akanisimulia kwamba aliwahi kuvua ng'ambo, visiwani Kenya. Huko nako waliponea nyavu zake, wakamwambia arudi Tanzania. "Kule mimi Mtanzania, hapa mimi Mkenya. Sasa kwetu ni majini?" Akakitaja kisiwa chenyewe: Mageta.

Ndugu msomaji, wewe unayejiita mwandishi chipukizi, unaijua Mageta? Vijana wa Bunda tukikutana kijiweni tunaichambua Robben Island mpaka saa nne za usiku. Lakini visiwa vya wafungwa vimo katika ziwa hili hili tunalooga, na hakuna anayevitaja.

Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari Kenya. Wakakamata watu kwa maelfu kwa tuhuma za Mau Mau, na baadhi yao wakawatupa katika Ziwa Viktoria, visiwa vya Mageta na Saiyusi. Hebu fikiria mtu wa Murang'a, aliyezoea milima na baridi, anashushwa katikati ya maji asiyoyaona mwisho. J.M. Kariuki alifungwa Saiyusi, akaja kuyaandika ya kizuizini katika kitabu chake cha mwaka 1963. Mwaka 1975 akauawa, tena katika Kenya huru. Na kule Mwea wafungwa walitumikishwa kuchimba mifereji. Leo pishori ya Mwea inasifiwa kila hoteli, na jembe lilishikwa na nani haulizi mtu.

Kambi zikafungwa. Baadaye sangara wakajaa ziwani, viwanda vikawataka, na visiwani wakamiminika watu wa kila pwani ya ziwa: Wajaluo, Wasuba, Wasamia, Waganda, Wajita wetu na Wakerewe. Hawa hawakuletwa na pingu. Walikuja na nyavu na njaa zao. Sasa nauliza: mahali ambapo serikali ilimleta mtu kwa nguvu bila kumuuliza kabila la ziwani ni lipi, mvuvi aliyekuja kwa nguvu za mikono yake anaitwaje mgeni?

Najua nitajibiwa kwamba samaki wanapungua. Kweli wanapungua. Basi kamateni makokoro, hata la mjomba wangu, maana analo! Lafudhi haijawahi kuvua samaki mchanga.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Australia ilikuwa na wenyewe maelfu na maelfu ya miaka. Waingereza wakaanza kumwaga wafungwa wao huko mwaka 1788, na hadi 1868 walikwisha peleka zaidi ya 160,000. Mwaka 1901 nchi hiyo hiyo ikatunga sheria ya kuwazuia wasio weupe: unapewa imla ya lugha ya Kizungu, ukishindwa unarudishwa. Mtoto wa mfungwa kageuka bawabu! Mimi niliyekuwa nikichapwa kila Ijumaa kwa imla ya Kiingereza nisingevuka hata gati. Sera hiyo haikuzikwa mpaka 1973.

Sisi hatuna hata kisingizio. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu iliwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000. Leo haohao wanaofoka "rudi kwenu" Mwigobero, ikifika tarehe 14 Oktoba utawakuta Butiama wamevaa fulana zenye picha yake. Jamani, hata aibu?

Na sisi waandishi tunafanya nini? Hadithi zetu zinaanzia Kariakoo, kwa msichana aliyeachwa na bwana mwenye gari. Kariakoo wengine hatujafika! Nami nimo katika kosa hilo, daftari zangu mbili zimejaa Kariakoo ya kubuni.

Nimeanza upya. Mfungwa wa Murang'a anashushwa Mageta usiku. Sura ya kwanza imekwisha, ya pili imenishinda, kwa sababu sijui kisiwa kile kinanuka nini alfajiri. Yule kijana wa Shirati ameahidi kunieleza Jumamosi, kama watakuwa hawajamfukuza.