Makubaliano Kwanza, Kasi Baadaye

Kila kizazi kipya cha mtandao wa simu kinapozinduliwa, kinachosifiwa ni kasi. Rekodi ya miaka ishirini iliyopita inaonyesha kwamba kilichoifikisha intaneti mikononi mwa wengi ni makubaliano. Teknolojia tatu ziligombea kizazi cha nne: WiMAX, iliyopigiwa debe na Intel, UMB ya Qualcomm, na LTE, iliyoandikwa ndani ya 3GPP, jumuiya ya viwango iliyoundwa mwaka 1998. WiMAX ilitangulia sokoni. Hata hivyo Verizon ya Marekani, ambayo mtandao wake ulikuwa wa CDMA, mfumo ulioshindana na GSM, iliichagua LTE mwaka 2007. Mwaka uliofuata Qualcomm ikaiacha UMB, na Desemba 2009 LTE ikafunguliwa kwa wateja Stockholm na Oslo. Ushindi huo haukuletwa na kasi. Kampuni za GSM, zilizokuwa na wateja wengi kuliko wote, zilikuwa upande wa LTE tangu mwanzo, na mtengenezaji wa simu akaona mbele yake soko moja la dunia. Simu za kiwango kimoja zikitengenezwa kwa mamilioni, bei hushuka hadi Kariakoo. Hapa Tanzania kampuni ya simu ya TTCL ilitumia CDMA, kisha nayo ikahamia GSM na LTE.

Wapo wanaosema kiwango kimoja huua ubunifu. Hoja yao ina uzito: mbinu za CDMA ndizo zilizobeba kizazi cha tatu, na WiMAX ilitumia mbinu ya redio ya OFDMA kabla ya LTE. Lakini mashindano hayo yana faida wakati wahandisi bado wanaandika. Yakiendelea hadi dukani, gharama humwangukia mnunuzi. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: nani anaandika? 3GPP inamilikiwa na mashirika saba ya viwango, ya Ulaya, Marekani, China, India, Japani na Korea Kusini. La Afrika halimo. Wakati huohuo ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilikwisha kupitisha mwaka 2023 dira ya kizazi cha sita, IMT-2030, na viwango vyenyewe bado vinaandikwa. Mnara unaotumia umeme kidogo na kufikia vijiji vilivyotawanyika hautapewa kipaumbele na mtu asiyeuhitaji. Mlango upo, kwani hata kampuni zisizo za Ulaya hujiunga na ETSI, shirika la viwango la Ulaya, na kuingia 3GPP kupitia humo. Umoja wa Mawasiliano ya Simu Afrika, wenye makao Nairobi, tayari huandaa misimamo ya pamoja kuhusu masafa. Mamlaka za mawasiliano, TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, zigharamie wahandisi wa kukaa katika vikao vya 3GPP mwaka baada ya mwaka, kuanzia sasa, kabla rasimu hazijafungwa.