Nguruwe Anapokufa, Jirani Ana Haki ya Kujua



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunaomba tutafakari jambo ambalo huenda wengine wakaona halistahili kutajwa karibu na altare: homa ya nguruwe. Sisi twaona lastahili. Kwa familia kadhaa za hapa Choma, nguruwe ndiye ada ya shule na fedha ya matibabu.

Ugonjwa huu wa virusi ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1921. Hapa kwetu, mlipuko uliozuka Kyela mwaka 2010 ulifuatiwa na mingine, hata Dar es Salaam. Huua karibu kila nguruwe unayempata, wala hauna dawa. Vietnam imekwisha kuidhinisha chanjo, lakini mfugaji wetu bado hana chanjo ya kukimbilia.

Ngiri hubeba virusi hivyo bila kuugua, na papasi huweza kuvieneza. Hata hivyo, umbali wa kutoka Kyela hadi Dar es Salaam si safari ya papasi. Ni mwanadamu anayesafirisha nguruwe na nyama. Sisi wa Tabora, tuliokuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, tunapaswa kulielewa hilo upesi: maradhi husafiri pamoja na mizigo. Msafara wa leo ni baiskeli au bodaboda yenye kapu la nyama.

Hapa ndipo dhamiri inapoguswa. Nguruwe wawili wakifa ghafla, mwenye banda huwachinja waliobaki usiku na kuwauza kwa bei ya kutupa. Hujitetea kwamba ugonjwa huu haumpati binadamu, na hilo ni kweli. Lakini maji yaliyooshea nyama hiyo na makombo yake huishia katika banda la jirani, na baada ya siku chache huko nako ni kilio. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Sheria ya Musa ilimtaka aliyeacha shimo wazi amlipe mwenye mnyama aliyetumbukia humo. Kunyamaza juu ya ugonjwa ni kuacha shimo wazi.

Wapo pia wanaosema huo ni mkono wa mtu. Ndugu zangu, tusithubutu! Katika nchi hii yetu ya Unyamwezi na Usukuma, maneno kama hayo yamekwisha kuwagharimu bibi vizee uhai wao.

Lakini haki ina pande mbili. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inadai taarifa itolewe, nasi twaitii. Hata hivyo, anayetoa taarifa hupoteza mifugo kwa faida yetu sote, kisha hurudi peke yake kwenye banda tupu. Tukimwacha hivyo, mwingine atajifunza kuficha. Kwa hiyo twapendekeza kila Jumuiya Ndogondogo ikubaliane mapema: atakayetoa taarifa asaidiwe chakula na ada, na wataalamu wakisharuhusu ufugaji tena, apatiwe mtoto wa nguruwe wa kuanzia. Huo si ufadhili, ni deni letu kwake.

Mengine yako ndani ya uwezo wetu. Nguruwe wafungiwe, wasizurure. Makombo yachemshwe vizuri kabla ya kuwalisha. Dume lisiazimwe kutoka banda hadi banda. Anayetoka kwenye banda la mwenzake abadili viatu na kunawa. Nguruwe akikosa hamu ya kula, akipata homa kali na masikio yakawa mekundu, aitwe afisa mifugo kabla ya mchinjaji. Mizoga ifukiwe kwa kina.

Tumwombe Mungu atujalie ujasiri wa kusema kweli inapotugharimu, na moyo wa kumbeba aliyeisema. Mungu awabariki nyote.