Tunaimba Nini Tunapomkumbuka Dolores O'Riordan?

Wahenga walinena kuwa wimbo mbaya haimbiwi mwana. Hawakutuachia neno kuhusu wimbo mzuri uliotungwa kwa sababu ya mwana aliyeuawa, kisha ukapendwa na ulimwengu mzima hata mwana mwenyewe akasahaulika. Hilo ndilo suala ninalotaka tulijadili katika makala haya. Mfano wangu ni wimbo wa roki uitwao "Zombie", wa bendi ya The Cranberries kutoka Ayalandi, pamoja na mtunzi na mwimbaji wake, marehemu Dolores O'Riordan.

Najua wapo watakaouliza mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini katika muziki wa roki. Jibu langu ni jepesi. Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kuwa wimbo ni utanzu wa fasihi simulizi, na kwamba maana yake haimo katika maneno peke yake, bali pia katika fanani, hadhira na muktadha wa uwasilishaji. Ikiwa kanuni hiyo ni ya kweli kwa Lamu, haina budi kuwa ya kweli kwa Limerick. Fauka ya hayo, wimbo wenyewe hauko mbali nasi kama tunavyodhani. Unaimbwa katika mabweni yetu.

Wimbo huo ulipotoka mwaka wa 1994 mimi sikuwa nimezaliwa. Niliurithi kutoka kwa binamu zangu wakubwa pamoja na kaseti zao na ubishi wao kwamba muziki wa kweli uliishia miaka ya tisini. Miaka michache iliyopita, katika sherehe moja ya wanafunzi, wimbo huo ulipigwa. Kiitikio kilipofika, ukumbi mzima ulisimama ukaimba kwa sauti moja. Nilimuuliza aliyekuwa karibu nami wimbo ule wasema nini. Akanijibu kuwa ni wimbo wa zile filamu za kutisha, za maiti wanaofufuka na kutembea. Sikumcheka, maana nami nilikuwa nimeuimba miaka mingi bila kujua zaidi ya hapo.

Ukweli wake ni huu. Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993, mabomu mawili yaliyofichwa katika mapipa ya taka yalilipuka katika barabara ya maduka mjini Warrington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kesho yake ilikuwa Siku ya Akina Mama nchini humo. Waliotega mabomu hayo walikuwa wa kundi la IRA, ambalo kwa miaka mingi lilipigana kuiondoa Ayalandi ya Kaskazini chini ya utawala wa Uingereza. Watu zaidi ya 50 walijeruhiwa. Mtoto wa miaka 3 alifariki papo hapo. Mvulana wa miaka 12 alifariki siku 5 baadaye.

O'Riordan alikuwa msichana wa miaka 21 wakati huo. Alizaliwa mwaka wa 1971 Ballybricken, katika jimbo la Limerick, akakua akiimba katika kwaya na kupiga kinanda kanisani. Mwaka wa 1990 alijiunga na ndugu wawili, Noel na Mike Hogan, pamoja na mpiga ngoma Fergal Lawler. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka wa 1993, iliwapa mashabiki nyimbo za mapenzi kama "Linger" na "Dreams", laini kama maji ya mtungi. Baada ya Warrington, binti huyo aliandika wimbo wa namna nyingine kabisa. Magitaa yakawa mazito, na sauti yake, ambayo daima haikuificha lafudhi ya Limerick, ikawa ya mtu aliyekasirika na kufiwa kwa wakati mmoja.

Sitiari ya wimbo huo inahitaji kutazamwa. Zombie ndiye wenzetu wa Tanzania wamwitaye msukule: mtu aliyekufa akili lakini mwili wake ungali unatumwa na mwingine. O'Riordan aliutaja mwaka wa 1916, mwaka wa maasi ya Pasaka mjini Dublin dhidi ya Waingereza, ili aonyeshe kuwa mkono uliotega bomu mwaka wa 1993 ulikuwa bado unatumwa na ugomvi wa mababu. Katika mahojiano alisisitiza kuwa waliofanya kitendo kile hawakuwa wakimwakilisha yeye. Hapo ndipo ulipo ujasiri wa wimbo. Kumlaani adui ni jambo jepesi. Kuwaambia watu wa upande wako kwamba wasiue kwa jina lako ni jambo zito, na wapo waliomlaumu kwa hilo, wakasema hakuielewa historia ya nchi yake mwenyewe.

Kwa istilahi zetu, basi, "Zombie" ni mbolezi. Ayalandi ilikuwa na utamaduni mkongwe wa wanawake kuomboleza kwa sauti ya kupanda na kukatika mbele ya maiti, na wapo wasikilizaji wanaousikia mwangwi wake katika koo la O'Riordan. Mimi ni mmoja wao. Sauti inapovunjika katika kiitikio, inafanya kazi ile ile ifanywayo na mwanamke anayeongoza mbolezi kwetu: inabeba yale ambayo maneno yameshindwa kuyabeba.

Tarehe 15 Januari 2018 mwombolezaji naye akaombolezwa. O'Riordan alifariki ghafla katika hoteli moja mjini London akiwa na umri wa miaka 46. Uchunguzi uliamua baadaye mwaka huo kuwa ilikuwa ajali: alizama katika bafu akiwa amelewa. Mjini Limerick kilifunguliwa kitabu cha rambirambi, na maelfu ya watu walipiga foleni kumuaga katika Kanisa la Mtakatifu Joseph kabla ya mazishi yake kijijini. Kizazi cha miaka ya tisini kilikuwa kimekwisha kuwazika Kurt Cobain mwaka wa 1994, Layne Staley mwaka wa 2002 na Chris Cornell mwaka wa 2017. Kila kifo cha namna hiyo huwafanya mashabiki wajililie wao wenyewe pia, waulilie ujana wao na kaseti zao. Siwalaumu. Kumbukumbu ya msanii ni mlango wa kumbukumbu ya nafsi.

Lakini katika siku zile zile za Januari 2018 kulitokea jambo moja ambalo halijaniondoka akilini. Baba yake yule mvulana wa miaka 12 wa Warrington alieleza hadharani kuwa hakuwa amejua, hadi O'Riordan alipofariki, kwamba wimbo ule ulitungwa kwa sababu ya tukio lililomuua mwanawe. Aliusikiliza, akayasifu maneno yake. Tutafakari jambo hilo, wasomi wenzangu. Kwa zaidi ya miaka 23 wimbo uliimbwa katika kila bara. Uliuzwa, ukachezwa redioni, ukatumbuizwa katika viwanja vilivyofurika. Ujumbe uliwafikia mamilioni, ila haukuwa umemfikia mzazi ambaye msiba ulikuwa wake. Mashabiki tuliupokea wimbo tukauacha msiba njiani.

Mfano wa pili ni wa tarehe 23 Septemba 2023. Ayalandi iliishinda Afrika Kusini kwa pointi 13 kwa 8 katika Kombe la Dunia la raga mjini Paris, na maelfu ya mashabiki wa Ayalandi wakaupaza wimbo wa "Zombie" kusherehekea ushindi. Mzozo ukazuka. Baadhi ya Waayalandi walisema wimbo huo unaikashifu historia ya mapambano yao na haufai kuwa wimbo wa timu. Wengine wakajibu kuwa ni wimbo wa amani, tena wa binti wa Limerick aliyeipenda nchi yake, na kuuimba ni kumkumbuka. Nionavyo mimi, pande zote mbili zilikuwa na heri kuliko ukumbi wetu wa sherehe, kwa kuwa angalau walikuwa wakibishana juu ya maana.

Je, nasema mbolezi isiimbwe uwanjani? La hasha. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kusema hivyo bila kujikana. Nyimbo husafiri na kubadilisha kazi. Bembelezi nyingi ni malalamiko ya mama yaliyovikwa utamu. Mwaka wa 2002 umati wa Wakenya uliuchukua wimbo wa kanisani, ukabadilisha maneno machache, ukautumia kuuaga utawala wa Rais Moi. Hakuna aliyelia kuwa wimbo umeibwa, kwa sababu walioubadilisha waliujua ulikotoka, na nguvu ya mzaha wao ilitegemea kuujua.

Hapo ndipo penye tofauti. Kuugeuza wimbo kwa kuujua ni ubunifu. Kuupoteza kwa kutoujua ni hasara. Bendi ya Bad Wolves ya Marekani ilitayarisha toleo lake la "Zombie", na O'Riordan alikuwa amekubali kushiriki. Alifariki siku ile ile aliyotarajiwa kurekodi sauti yake. Waliutoa wimbo wakiwa wamebadilisha mwaka wa 1916 ukawa 2018, wakataja na ndege za kivita zisizo na rubani, kisha wakawapa watoto wake watatu dola 250,000 kutokana na mapato. Maneno yalibadilika, maombolezi yakabaki. Wenzake wa The Cranberries nao walikamilisha albamu ya mwisho kwa sauti alizokuwa amekwisha kurekodi, wakaitoa mwaka wa 2019, kisha wakaifunga bendi. Huko ndiko kukumbuka kunakojua kinachokumbukwa.

Sisi je? Aghalabu shabiki wa muziki wa miaka ya tisini hujivunia ladha yake na kuwabeza vijana kwamba nyimbo zao hazina maudhui. Dai hilo halina uzito ikiwa mdai mwenyewe hajui maudhui ya wimbo anaoutolea mfano. Atakuwa anaukumbuka ujana wake, si muziki. Na akiimba kiitikio kwa nguvu zote bila kuuliza kinachosemwa, atakuwa amekaribia kuwa yule msukule aliyelaaniwa na wimbo wenyewe: kinywa kinachotembea bila kichwa.

Lawama hii haituepuki wanafunzi wa Kiswahili. Tunapokusanya nyimbo nyanjani huandika maneno, tukahesabu takriri na tashbihi, tukapewa alama. Ni mara ngapi tumemuuliza mwimbaji wimbo huu ulitungwa siku gani, kwa msiba wa nani, na kama jamaa wa marehemu wanajua kuwa umetungwa? Mbolezi zetu zina majina ya watu ndani yake, na wanaowajua watu hao wanazeeka. Tukichukua maneno tukaiacha habari, tutakuwa tumehifadhi ganda. Naomba basi walimu wetu waipe habari ya wimbo alama zake pekee katika tasnifu za fasihi simulizi, badala ya kuridhika na mistari miwili ya utangulizi.

Mapigano ya IRA yalisitishwa mwishoni mwa Agosti 1994, majuma machache kabla ya wimbo kutolewa, na mkataba wa amani ukatiwa saini mwezi wa Aprili 1998. Sitathubutu kudai kuwa wimbo ndio ulioleta hayo. Wimbo hauzuii bomu. Ulichoweza kufanya ni kukataa kwamba vifo vya watoto wawili vihesabiwe kuwa gharama ya kawaida ya vita, na kazi hiyo haiishi kwa kuwa mwimbaji amekufa. Imebaki kwa wanaouimba.

Nikialikwa tena katika sherehe kama ile, nitaimba, tena kwa sauti. Ila safari hii aliye karibu nami akiniuliza wimbo wasema nini, nitamsogeza kando kelele zipungue, nimweleze habari za Warrington na umri wa wale watoto: mmoja miaka 3, mwenzake miaka 12. Kisha, akipenda, turudi tukaimbe pamoja.