Ushauri wa Kitaaluma Usisubiri Matokeo

Ushauri wa kitaaluma, yaani kazi ya mwalimu aliyepangiwa kundi la wanafunzi ili awaongoze katika kuchagua masomo, kuelewa kanuni za mitihani na kufuatilia maendeleo yao, mara nyingi huanza wakati ambapo ulipaswa kuwa umekwisha kuzaa matunda: matokeo yamekwisha kubandikwa, na mwanafunzi amepata sapu, jina wanalolitumia wanavyuo kwa mtihani wa marudio, au amedisko, maana yake ameondolewa masomoni kwa kushindwa kufikia kiwango cha ufaulu. Makala haya yanashikilia kwamba mshauri anayekutana na mwanafunzi kwa mara ya kwanza katika hatua hiyo amenyimwa nafasi ya kufanya kazi yake.

Tosamaganga, misheni ya mkoani Iringa, Tanzania, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye kushikwa na Wamisionari wa Consolata, inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu shule ya kidato cha tano na sita, hospitali iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Iringa na chuo cha afya vimekaa jirani, na njia anayopita kijana kutoka kwenye tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo anaouchagua sekondari, hadi kitandani kwa mgonjwa inaonekana karibu yote mahali pamoja.

Katika vyuo vya namna hiyo, stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka mitatu, na wengi huiingia moja kwa moja kutoka kidato cha nne, wakiwa na ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, lakini bila mazoea ya kusoma anatomia kwa Kiingereza wala ya kumhudumia mgonjwa kwa Kiswahili, au kwa Kihehe, lugha ya wenyeji, pale mgonjwa anapokuwa bibi aliyetoka kijijini. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo: yupo anayefaulu vizuri darasani lakini akiingia wodini mikono inatetemeka, na yupo aliye hodari wodini, mpole kwa wagonjwa na mwepesi wa kujifunza kwa kutazama, ambaye karatasi ya mtihani inamwangusha. Mkufunzi wa darasani huuona upande mmoja, muuguzi msimamizi wa wodi huuona mwingine, na kila mmoja anaweza kutoa hukumu ya haki kwa alichokiona huku mwanafunzi akipotea katikati. Mshauri ndiye anayepaswa kuweka alama za tathmini endelevu, yaani majaribio na kazi za katikati ya muhula, kando ya daftari la mafunzo kwa vitendo, kisha akamwita mwanafunzi wakati bado kuna wiki za kurekebisha.

Suala la fedha nalo halitenganishwi na taaluma. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, lakini si kila mwombaji hupata, na anayekosa ada au chakula huhesabiwa mtoro kabla hajaulizwa lolote. Mshauri anayemfahamu mapema humpeleka kwa mlezi wa wanafunzi, ambaye ndiye mwenye dhamana ya ustawi wao nje ya darasa.

Kazi hii haiwezi kuendelea kutegemea huruma ya mwalimu mmoja mmoja. Saa za ushauri ziingizwe katika mzigo wa kazi wa mkufunzi kama zinavyoingizwa saa za kufundisha, kundi la kila mshauri liwe dogo kiasi cha kumjua kila mwanafunzi kwa jina, na kikao cha kwanza kifanyike kabla ya jaribio la kwanza la muhula.