Kabla ya Kumwaga Vifaranga

Anayechimba kidimbwi cha samaki kando ya migomba ya Mboghoni, hapa Taveta, huulizwa maji atayatoa wapi. Ni nadra kuulizwa yatakwenda wapi yakifurika. Toleo hili linaanza na swali hilo la pili, maana jibu lake linavuka mpaka wa nchi: mifereji ya Taveta na Mto Lumi ni maji yaleyale, Lumi huingia Ziwa Jipe, Jipe hutoa Mto Ruvu, na Ruvu hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu kule Tanzania kabla ya kushuka na Pangani hadi baharini. Mvua kubwa ikibomoa kingo, aliyekuwa wa kidimbwini ni wa bonde zima.

Na anayefugwa zaidi ni tilapia wa Nile, sato kwa majirani zetu, mgeni katika maji haya. Ugeni peke yake si kosa. Linalonisumbua ni uzazi wake. Dume huchimba shimo kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga, kisha huokota mayai na kuyaatamia kinywani. Wakishaanguliwa, vifaranga hukimbilia humohumo wakishtuka. Mayai si mengi kwa kipimo cha samaki, mamia tu au elfu na kidogo, ila wengi wanapona. Nchi za baridi humpumzisha. Hapa kwetu, kwenye maji ya joto, hurudia kila baada ya wiki chache, mwaka mzima. Akibanwa kidimbwini huanza kuzaa angali mdogo, ndiyo sababu mfugaji huvua ndoo nzima ya samaki asipate wa kuuza.

Bwawa ndilo linalomfaa hasa. Maji ya bwawa hupanda na kushuka, na samaki anayetaga chini akayalinda mayai palepale huyaona yakiachwa pakavu. Sato huhama na watoto mdomoni. Utasema perege wa Jipe, samaki wa asili wa ziwa hilo, naye huatamia vivyo hivyo. Kweli, na hapo ndipo penye hatari: ni ndugu wa karibu kiasi cha kuzaliana, na machotara wao nao wanaweza kuzaa. Perege anaweza kuisha bila mvuvi kuona wavu umepungua.

Wengi hawajui kwamba jenasi nzima ya Oreochromis, ambamo sato yumo, ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kwa asili kwingine kokote. Leo yeye na perege wa Jipe, wote wawili, wamo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na Chala kwenyewe kumeshaingizwa tilapia wa kutoka nje.

Kuna kisa kingine kinachonizuia kuhubiri chuki dhidi ya wageni. Ngege wa Ziwa Victoria, aliyekaribia kwisha kwao baada ya sangara na sato kupandikizwa, aliletwa katika bonde hili la Pangani akastawi hadi kuwa riziki ya wavuvi wa Nyumba ya Mungu. Mgeni kwetu, mkimbizi kwao. Sijui sheria gani ingemtendea haki.

Mpango wa serikali wa mwaka 2009 ulilenga vidimbwi 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi yaliyoteuliwa nchini Kenya. Nia ilikuwa chakula, nami siipingi. Dawa inayopendekezwa siku hizi ni kuwalisha vifaranga homoni wawe madume watupu. Inapunguza msongamano kidimbwini, lakini daima jike mmoja mmoja huponyoka, na hata dume peke yake akifika Jipe atamkuta jike wa perege.

Kwa hiyo ninaitaka kaunti izalishe vifaranga vya perege wa Jipe kwa ajili ya vidimbwi vyote vinavyoelekea Lumi, hata kama hakui upesi kama sato na mfugaji atahitaji ruzuku kufidia tofauti hiyo. Anayemtaka sato amfuge kwenye matangi, mbali na mfereji. Na rekodi ya vifaranga wanaouzwa Taveta ifikishwe kwa maafisa wa uvuvi wa Mwanga, upande wa Tanzania, kila mwaka, kabla ya masika.